Wiki 349 Namba Moja, Bila Dhahabu: Kisa cha Lee Chong Wei

Tarehe 17 Agosti 2008, mjini Beijing, Lee Chong Wei wa Malaysia alipigwa na Lin Dan wa China 21–12, 21–8 katika fainali ya Olimpiki ya badminton (mpira wa vinyoya), upande wa wanaume mchezaji mmoja mmoja. Kwa fainali ya ngazi ile, ilikuwa mechi ya upande mmoja. Lin alikuwa nyumbani, mbele ya watu wake, na Lee hakupewa nafasi hata ya kuvuta pumzi. Siku nne baadaye, tarehe 21 Agosti, orodha mpya ya ubora wa dunia ikatoka. Aliyekuwa juu kabisa ni Lee Chong Wei.

Akakaa hapo wiki 199 mfululizo, hadi Juni 2012. Ukijumlisha vipindi vyake vyote, alishika namba moja ya dunia kwa wiki 349, karibu miaka saba. Alitwaa mataji 69. Alishinda mechi zaidi ya 700 za mchezaji mmoja mmoja. All England, mashindano ambayo wachezaji wa mpira wa vinyoya huyaheshimu kuliko karibu yote, aliyachukua mara nne: 2010, 2011, 2014 na 2017. Malaysia Open, nyumbani kwake, mara 12.

Olimpiki alicheza fainali tatu, akapoteza tatu. Ubingwa wa dunia alicheza fainali nne, akapoteza nne.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba alikosa moyo: siku kubwa ikifika, mkono unatetemeka. Nimekifuatilia kwa miaka na sikubaliani na maelezo hayo. Ninachokiona ni kwamba ile namba moja na ile dhahabu iliyokosekana vina chanzo kimoja. Malaysia ilikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo ilibidi ashinde kila wiki, kila mwaka, kwa niaba ya kila mtu. Kazi hiyo ndiyo iliyompandisha kileleni, na ndiyo iliyomfikisha kwenye fainali zake akiwa na kidogo tu kilichopungua, dhidi ya watu ambao hawakubebeshwa mzigo kama wake.

Kijana wa Bukit Mertajam

Lee alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1982, akakulia Bukit Mertajam, upande wa bara wa jimbo la Penang. Kwanza alipenda mpira wa kikapu. Mama yake alimkataza kwa sababu ya jua kali la viwanja vya nje, na kijana akaanza kufuatana na baba yake kwenye ukumbi wa badminton. Alikuwa na miaka kama 11. Kwa mchezo huu hiyo si mapema. Watoto wengi wanaokuja kuwa mabingwa huwa wameshika raketi miaka kadhaa kabla ya hapo.

Aliyemwona na kumpeleka timu ya taifa akiwa na miaka 17 ni Misbun Sidek. Jina la Sidek nchini Malaysia ni jina la ukoo mzima wa badminton. Razif na Jalani Sidek ndio walioipa nchi hiyo medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya wachezaji wawili wawili, Barcelona 1992. Rashid Sidek akaongeza shaba nyingine Atlanta 1996. Misbun mwenyewe alifika fainali ya All England mwaka 1986. Kwa hiyo kijana hakuingia mahali pasipo na historia. Mwaka 1992 Malaysia ilikuwa imebeba Thomas Cup, kombe la timu za wanaume. Alichokuta ni nchi iliyoonja ushindi, ikawa inausubiri tena kwa njaa.

Athens 2004, Olimpiki yake ya kwanza, alitolewa raundi ya pili na Chen Hong wa China. Hakuna aliyemlaumu. Alikuwa bado anajifunza.

Kuching, Juni 2006

Kila ninaposikia kwamba Lee hakuwa na moyo, nafikiria fainali ya Malaysia Open ya 2006 mjini Kuching. Mpinzani alikuwa Lin Dan. Kila mmoja alikuwa ameshinda seti moja, na katika ya tatu Lin aliongoza 20–13. Pointi moja tu na mechi imekwisha. Lee hakuwa na nafasi hata moja ya kukosea, na alizifuta pointi za ushindi za Lin moja baada ya nyingine, jumla yake nane, mpaka akamaliza 23–21.

Mtu anayetetemeka hafanyi hivyo. Tena hafanyi hivyo mbele ya umati wa nyumbani, dhidi ya mchezaji ambaye mwaka uleule alikuwa bingwa wa dunia. Mwaka 2011 katika fainali ya All England alimfunga Lin Dan huyohuyo 21–17, 21–17, seti mbili kavu. Mwaka 2016, nitafika huko, alimtoa katika nusu fainali ya Olimpiki kwa 22–20 ya seti ya mwisho. Katika mechi zao 40, Lin alishinda 28 na Lee 12. Takwimu hiyo inasema wazi nani alikuwa bora kati yao, nami siwezi kuipinga. Haisemi kwamba aliyeshindwa alikuwa mwoga.

Uchezaji wake wenyewe unalieleza jambo hili. Lee hakuwa mrefu. Nguvu yake ilikuwa miguuni: alikuwa anafika kwenye vinyoya ambavyo wenzake walikuwa wameshaviacha, na akifika anakuwa tayari ameshajipanga kupiga. Smashi yake ya kuruka, pigo kali la kutoka juu kwenda chini, ilikuwa ya kutisha kwa mtu wa kimo chake. Katika Japan Open ya 2017, akikaribia miaka 35, mashine ilipima pigo lake likienda kilomita 417 kwa saa. Lakini mchezo wa namna hiyo unalipwa kwa magoti, vifundo na mapaja. Lin, mchezaji wa mkono wa kushoto, alijifunza kadiri miaka ilivyokwenda kucheza polepole pale panaporuhusu na kukimbia pale tu panapolazimu. Lee alikimbia kila pointi.

Namba moja inapatikanaje

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Orodha ya dunia ya BWF, shirikisho la dunia la mchezo huu, hujumlisha matokeo kumi bora ya mchezaji katika wiki 52 zilizopita. Ukicheza mashindano mengi na kufika nusu fainali na fainali kila wiki, unapanda. Ukipumzika, pointi za mwaka jana zinakudondoka, unashuka. Ni kipimo cha mtu asiyechoka. Kuanzia 2007 kulikuwa na mfululizo wa mashindano makubwa ulioitwa Superseries, 12 kwa mwaka, kutoka Kuala Lumpur hadi Birmingham, Paris, Odense, Hong Kong. Lee alishinda mataji zaidi ya 40 ya mfululizo huo. Fainali zake za mwisho wa mwaka, wanapokutana wanane bora, alizichukua mara nne.

Olimpiki inapima kitu kingine kabisa. Inakuja mara moja kwa miaka minne, unafungwa mara moja unarudi nyumbani, na haikujali ulifanya nini wiki 200 zilizopita. Anayeshinda pale ni yule aliyeupanga mwili wake uwe na nguvu zote siku hiyo.

China iliweza kupanga hivyo. Lin Dan akipumzika, alikuwepo Chen Jin, alikuwepo Bao Chunlai, baadaye akaja Chen Long. Taifa halikukosa taji la wiki ile; jina tu lilibadilika. Baada ya London 2012, Lin alicheza mashindano machache sana kwa karibu mwaka mzima, kisha akapewa nafasi ya upendeleo kuingia ubingwa wa dunia wa 2013 Guangzhou, na akautwaa. Mchezaji aliyekaa nje karibu mwaka mzima alimkuta kwenye fainali mchezaji aliyekuwa uwanjani mwaka mzima. Lee alichukua seti ya kwanza 21–16, akapoteza ya pili 13–21, na katika ya tatu, matokeo yakiwa 17–20, misuli ilimkaza akashindwa kuendelea. Walimtoa kwa machela.

Machela ile siichukulii kama bahati mbaya. Naiona kama hesabu ya mwaka mzima iliyofika siku ya kulipwa.

Kwa upande wa Malaysia, Lee akipumzika hakukuwa na jina lingine la kuweka. Malaysia Open bila yeye ilikuwa ukumbi mtupu. Wadhamini walimlipa yeye, televisheni zilimngoja yeye. Kwenye vibanda vya chai vya nchi ile, Wamalay, Wachina na Wahindi, watu ambao siasa huwagawa kila uchaguzi, walikaa pamoja mbele ya skrini moja usiku wa mechi zake. Mataji 12 ya nyumbani hayakuja kwa bahati. Mtu huyo angewezaje kusema mwaka huu sitacheza, nautunza mwili kwa ajili ya Agosti?

Thomas Cup ya 2014 mjini New Delhi inaonyesha jambo hili kwa matokeo ya siku moja. Malaysia ilifika fainali dhidi ya Japan. Mechi ya kwanza Lee alimshinda Kenichi Tago, kama ilivyotarajiwa. Kombe likaenda Japan, 3–2. Yeye alikuwa amefanya lote alilopaswa kufanya. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mashindano ya timu yanahitaji pointi tatu.

Kuna tukio moja linaloisumbua hoja yangu, nami silifichi. Ubingwa wa dunia wa 2010 Paris, Lee akiwa namba moja na katika miaka yake bora, alitolewa robo fainali na Taufik Hidayat wa Indonesia. Hapo hakukuwa na msururu wa Wachina. Siku ile Taufik alicheza vizuri zaidi, basi. Lakini hiyo ni mechi moja, na fainali zote saba za Olimpiki na ubingwa wa dunia alizopoteza zilikuwa dhidi ya wachezaji wawili wa nchi moja: Lin Dan na Chen Long.

London, mara mbili kwenye ukumbi uleule

Agosti 2011, Wembley Arena, fainali ya ubingwa wa dunia. Lee alishinda seti ya kwanza 22–20, Lin akachukua ya pili 21–14. Katika ya tatu Lee alishika pointi mbili za ubingwa. Zote mbili ziliponyoka, na Lin akamaliza 23–21. Ukiitazama tena mechi hiyo leo huwezi kumwonyesha mtu pale ambapo Lee alikosea kikubwa. Ni kinyoya kilichogusa hapa badala ya pale.

Mwaka mmoja baadaye, Olimpiki ya London ilichezwa ukumbi huohuo. Kufikia hapo, mambo mawili yalikuwa yamebadilika. La kwanza ni kocha: Misbun Sidek, aliyemlea tangu akiwa na miaka 17, alikuwa ameondoka kwenye chama cha badminton cha Malaysia mwishoni mwa 2010, na Tey Seu Bock ndiye aliyekaa naye kwenye kiti. La pili ni zito zaidi. Mei 2012, katika Thomas Cup mjini Wuhan, akicheza na Peter Gade wa Denmark, Lee alichana kano za kifundo cha mguu. Miezi isiyofika mitatu kabla ya Olimpiki, mchezaji ambaye silaha yake ni miguu aliumia mguu akiitumikia timu.

Rudi kwenye kile nilichosema juu ya mzigo. Nchi yenye wachezaji watatu wa kiwango hicho ingeweza kumwacha mkubwa wao nyumbani mwezi Mei. Malaysia haikuwa na uwezo huo.

Aliingia London akitoka kwenye matibabu, na mechi yake ya kwanza, dhidi ya Ville Lång wa Finland ambaye siku nyingine angemmaliza haraka, ilikwenda seti tatu. Kisha akapata joto. Nusu fainali alimchakaza Chen Long 21–13, 21–14. Nyumbani ahadi zilikuwa zimerundikana. Mfanyabiashara mmoja wa madini aliahidi mche wa dhahabu wa thamani ya ringgit milioni 2 kama angeshinda. Malaysia haijawahi kupata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo wowote, na siku ile, tarehe 5 Agosti 2012, taifa zima liliamini saa imefika.

Seti ya kwanza Lee 21–15. Ya pili Lin 21–10. Ya tatu Lin 21–19.

Pointi mbili. Lin alikimbia kuzunguka ukumbi. Lee alibaki chini, na baadaye akawaomba radhi Wamalaysia kupitia mtandao. Hilo la kuomba radhi huniuma kuliko matokeo. Mtu aliyetoka kwenye kano zilizochanika wiki chache nyuma, akafika pointi mbili kutoka kwa mchezaji bora wa zama zake, aliona ana deni kwa watu. Na watu, kwa muda mrefu, walikuwa wamemfundisha kuona hivyo.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalifahamu jambo hili kwa undani. Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki katika historia yake yote, na zote ni fedha: Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000, Moscow 1980. Wakenya wanamkumbuka Paul Tergat, aliyeshindwa na Haile Gebrselassie katika mita 10,000 Atlanta 1996, kisha Sydney 2000 akashindwa tena kwa sekunde 0.09. Hakuna mtu mwenye akili anayemwita Tergat mwoga. Tulimwona akikimbia. Namwomba msomaji ampe Lee heshima hiyohiyo, hata kama mchezo wake haupo kwenye televisheni zetu.

Sampuli ya Copenhagen

Mwaka 2014 ukaja na jambo la aina nyingine. Ubingwa wa dunia ulikuwa Copenhagen. Lee alifika fainali tena, Chen Long akamshinda 21–19, 21–19. Katika mashindano hayo alichukuliwa sampuli ya kupimwa dawa zilizokatazwa, na sampuli ikatoka na deksamethasoni. Sampuli ya pili, iliyofunguliwa Oslo mwezi Novemba, ikathibitisha. Akasimamishwa.

Deksamethasoni ni dawa ya jamii ya kotikosteroidi, inatumika hospitalini kupunguza uvimbe na maumivu. Nje ya mashindano kanuni zilikuwa zinairuhusu. Ndani ya mashindano hairuhusiwi. Kanuni za dawa michezoni zina msingi mmoja mkali: mchezaji anawajibika kwa kila kitu kilichokutwa mwilini mwake, awe alijua au hakujua. Nia yake inaangaliwa wakati wa kupanga adhabu tu. Kwa kosa la aina hiyo, wakati ule, adhabu ingeweza kufika miaka miwili. Lee alikuwa na miaka 32. Miaka miwili ingemaliza kazi yake.

Jopo lilimsikiliza Amsterdam mwezi Aprili 2015. Mwanzoni macho ya wengi yalikuwa kwenye matibabu ya paja aliyofanyiwa Julai 2014. Mwishoni maelezo yaliyokubaliwa yalikuwa mengine: alikuwa anatumia vidonge vya cordyceps, uyoga unaotumika sana katika tiba za Kichina, na chembechembe za dawa zilitoka kwenye ganda la gelatini la vidonge hivyo. Jopo liliridhika kwamba hakukusudia kudanganya. Likamfungia miezi minane kuanzia tarehe ya sampuli, Agosti 30, 2014, kwa hiyo ilipofika Mei 2015 alikuwa huru. Medali ya fedha ya Copenhagen ikafutwa.

Kuna waliosema alipendelewa kwa ajili ya jina lake. Nimeitafakari hoja hiyo na naona adhabu ilikaa sawa. Alikuwa na uzembe, na ameulipia: miezi minane katika umri ule si kidogo, na medali ya dunia iliondoka. Kumpa miaka miwili mtu ambaye jopo lenyewe limesema hakudanganya ingekuwa kumuua kwa ajili ya ganda la kidonge. Kinachonisumbua zaidi ni mazingira. Mchezaji ambaye taifa zima linamtegemea huzungukwa na watu wanaotaka apone haraka: madaktari, viongozi, marafiki wenye dawa za asili za kumletea. Kila mmoja ana nia njema, na hatari inaingilia hapohapo. Alihitaji mtu mmoja tu mwenye mamlaka ya kukataa kila kidonge kisichojulikana.

Rio

Aliporudi Mei 2015 alikuwa ameporomoka sana kwenye orodha. Miezi mitatu baadaye alikuwa kwenye fainali ya ubingwa wa dunia Jakarta, akafungwa na Chen Long 21–14, 21–17. Novemba mwaka huo akatwaa China Open, na wiki iliyofuata Hong Kong Open. Kufikia Olimpiki ya Rio, Agosti 2016, alikuwa namba moja tena, akiwa na miaka 33, kocha wake akiwa Hendrawan wa Indonesia, bingwa wa dunia wa 2001. Alibeba bendera ya Malaysia kwenye ufunguzi.

Nusu fainali, tarehe 19 Agosti, dhidi ya Lin Dan. Wengi tuliokuwa tunafuatilia tuliiona kama fainali halisi ya maisha yao mawili. Lin alichukua ya kwanza 21–15. Lee akajibu 21–11. Ya tatu ilikwenda hadi 22–20, na safari hii kinyoya kilianguka upande wa Lee. Baada ya Beijing, baada ya London, hatimaye alikuwa amemtoa.

Kesho yake akamkuta Chen Long. Mdogo wake kwa zaidi ya miaka sita, mrefu wa mita 1.87, mlinzi ambaye humchosha mpinzani kwa kurudisha kila kitu. 21–18, 21–18. Fedha ya tatu.

Tazama mpangilio wa Olimpiki mbili: London alimshinda Chen Long nusu fainali, akamkuta Lin Dan fainali. Rio alimshinda Lin Dan nusu fainali, akamkuta Chen Long fainali. Mara zote mbili alilazimika kuwapiga Wachina wawili bora duniani mfululizo, mmoja baada ya mwingine, na mara zote mbili alimpiga mmoja. Kila mmoja wao alihitaji kumpiga Lee mmoja tu. Nikiulizwa kwa nini hakupata dhahabu, jibu langu la kwanza lipo hapo, kabla ya habari zozote za moyo au bahati.

Mwaka 2017 alishinda All England yake ya nne wiki chache baada ya kuumia goti mazoezini. Tarehe 1 Julai 2018 alimshinda Kento Momota kwenye fainali ya Malaysia Open, taji lake la 12 la nyumbani, akiwa na miaka 35. Ndani ya mwezi uleule aliambiwa ana saratani ya pua, hatua za mwanzo. Alikwenda Taiwan kutibiwa kwa mionzi ya protoni. Saratani ikadhibitiwa, naye akajaribu kurudi mazoezini, akiitazama Olimpiki ya Tokyo. Madaktari walimshauri vingine, na tarehe 13 Juni 2019 aliwaambia waandishi wa habari Putrajaya kwamba anastaafu. Alilia mbele yao. Lin Dan aliacha mwaka mmoja baadaye, na Mei 2023 wote wawili waliingizwa pamoja kwenye ukumbi wa heshima wa BWF, Kuala Lumpur.

Baada yake

Malaysia imejifunza upande mmoja wa kisa hiki. Dalili zilianza Rio kwenyewe: pamoja na fedha ya Lee, nchi ilipata fedha ya wanaume wawili wawili kupitia Goh V Shem na Tan Wee Kiong, na ya wachezaji mchanganyiko kupitia Chan Peng Soon na Goh Liu Ying. Mwaka 2022 Aaron Chia na Soh Wooi Yik wakawa Wamalaysia wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa badminton, Tokyo. Mwaka 2025 Chen Tang Jie na Toh Ee Wei wakautwaa kwa mchanganyiko. Kwenye wawili wawili, sasa mmoja akiumia yupo mwingine.

Upande wa mchezaji mmoja mmoja bado. Lee Zii Jia, aliyepokea mzigo, aliondoka kwenye chama cha taifa Januari 2022 ili ajiendeshe mwenyewe, na jibu la kwanza la chama lilikuwa kumfungia miaka miwili, adhabu iliyoondolewa muda mfupi baadaye. Alitaka kuchagua mwenyewe mashindano yake na siku zake za kupumzika, kitu ambacho mkubwa wake hakuwahi kuwa na nafasi ya kukidai. Paris 2024 alirudi na shaba. Dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya Malaysia bado haijapatikana.